Jamaa wa Karibu

Hospitali ilikuwa na kompyuta sitini na moja. Fundi wa mtandao alizihesabu mwenyewe kwa miguu, wodi kwa wodi, kuanzia mapokezi mpaka chumba cha dawa, akabandika namba mgongoni mwa kila moja. Asubuhi ya Jumanne ripoti yake ikamwambia ziko sitini na mbili.

Hakushtuka. Alidhani kuna daktari ameleta kompyuta ya nyumbani akaichomeka ukutani, jambo ambalo madaktari hulifanya huku wakijua fika wamekatazwa. Akamaliza chai yake, akafunga ripoti, akaenda kutengeneza printa ya maabara.

Watu wote pale walimwita Chapchap. Jina alipewa na mama yake mzazi, na wafanyakazi wenzake walilidaka tu siku mama huyo alipolazwa wodi ya wanawake, nyonga imevunjika kwa kuteleza bafuni. Mama alikuwa mshonaji mstaafu, mjane, mwenye maneno. "Huyu binti yangu," alimwambia sista wa zamu, "hata kuzaliwa alizaliwa chapchap. Mkunga yuko njiani, yeye keshafika." Sista alicheka mpaka akaweka sindano chini. Mama na binti waliishi wawili tu, nyumba ya vyumba viwili, na tangu baba afariki hawakuwahi kulala mbalimbali mpaka nyonga ile ilipovunjika.

Siku mama alipofanyiwa upasuaji wa nyonga ndiyo Chapchap alipewa kazi ya mlango. Uongozi ulitaka mafaili ya wagonjwa yafunguliwe na kompyuta za ndani tu. Kila kompyuta kwenye mtandao ina anwani yake, namba nne zenye nukta katikati, na anwani zote za hospitali ile zilianza na 10.4. Kwa hiyo programu ilitakiwa kuuliza swali moja tu kabla ya kufungua faili: anwani hii ni ya humu ndani, au si ya humu? Ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye utulivu. Chapchap aliifanya kwa nusu saa, amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, macho yakiwa zaidi kwenye taa nyekundu juu ya mlango kuliko kwenye anachoandika. Ilikubali kompyuta ya kwanza, ikakubali ya pili, akaiacha ifanye kazi. Taa ikazimika, mama akatolewa akiwa hai, naye hakuiangalia tena programu ile.

Alhamisi, mgonjwa wa kitanda cha nne alimkana mumewe.

Hakumkana kwa ugomvi. Mwanamume alikuja saa ya kutazama wagonjwa na chupa ya supu, akainama kumsalimia mkewe, na yule mgonjwa akavuta shuka mpaka kidevuni, akamuuliza kwa adabu anamtafuta nani. Wodi nzima ilidhani ni utani. Mume alicheka, akataja majina ya watoto wao watatu. Mke akamsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za majirani, kisha akamwambia, "Samahani baba, mimi jamaa yangu huyu hapa." Akaonyesha kiti cha plastiki kando ya kitanda. Kiti kilikuwa kitupu.

Madaktari walisema ni homa. Wakapima, homa hakuna. Jumamosi mama wa kitanda cha nne akaruhusiwa, akaondoka nyuma ya mumewe hatua tano, amebeba mfuko wake mwenyewe, kama abiria aliyeonyeshwa njia na mtu asiyemjua.

Sista ndiye aliyemletea Chapchap habari ya faili. Alikuja ofisini, akafunga mlango, akazungumza kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Nilikuwa namwandikia karatasi za kutoka," alisema. "Kwenye faili kuna sehemu ya jamaa wa karibu. Mumewe alikuwa pale, mimi mwenyewe nilimwandika. Sasa hayupo. Kuna namba tu."

"Namba ya simu?"

"Si ya simu. Ina nukta nukta."

Chapchap alifungua faili. Pale palipokuwa na jina la mume pameandikwa 10.47.0.9.

Aliitambua mara moja kuwa ni anwani, na mara moja akajua ile kompyuta ya sitini na mbili ilikuwa ipi. Aliyafungua maandishi ya programu yake, akayasoma kwa mara ya kwanza tangu ayaandike, akahisi masikio yanapata moto. Alikuwa amelinganisha herufi tu. Anwani ikianza na 10.4, programu inasema ni ya ndani. Na 10.47 nayo imeanza na 10.4.

Alikwenda kumweleza mzee wa masjala, mtu aliyekaa na mafaili ya karatasi miaka thelathini kabla ya kompyuta kuletwa. "Ni kama mlinzi umwambie aingize watu wa chumba namba nne," alisema, "yeye akaingiza na wa chumba arobaini na saba, kwa sababu namba zote mbili zimeanza na nne."

Mzee aliacha kupanga karatasi. "Arobaini na saba," alisema. "Hiyo ilikuwa namba ya wodi ya zamani."

Wodi ya zamani ilikuwa nyuma, ng'ambo ya tangi la maji. Ilifungwa miaka minane nyuma, nyaya zikang'olewa, madirisha yakapigiliwa mbao. Mzee alikuwa na funguo. Walikwenda saa nane mchana, jua la utosi, na hata hivyo alipoufungua mlango ule hewa iliyowatokea ilikuwa ya baridi, na ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Chapchap alifuata ukuta mpaka kwenye tundu la waya lililoandikwa tisa. Ndani ya tundu hamkuwa na kitu, hata uzi wa shaba. Sakafu yote ilikuwa na vumbi la kufunika kidole, isipokuwa chini ya tundu lile, ambapo palikuwa safi, duara la ukubwa wa mtu aliyekaa ameegemea ukuta. Aliinama akapagusa. Palikuwa na joto.

"Kwa nini waliifunga hii wodi?" aliuliza.

"Twende nje," mzee alisema.

Walipokuwa juani alimjibu, akiangalia funguo zake. "Wagonjwa walikuwa wanaitwa. Usingizini wanaitwa majina yao, wanaitika, asubuhi hawajui kwao ni wapi. Tukadhani kufunga mlango kunatosha. Na kulitosha, miaka minane. Yule anayewaita hawezi kuingia pa watu bila kukubaliwa."

Chapchap alirudi mezani kwake, na safari hii hakuharakisha. Aliigeuza kila anwani kuwa namba moja ndefu ya sifuri na moja, akachukua tarakimu kumi na sita za mwanzo peke yake, akazilinganisha na zile za hospitali, zote, moja baada ya moja. Akaijaribu kwa anwani mia. Akaweka 10.47.0.9. Programu ikajibu: si ya ndani. Akaiweka tena mara tatu, akisoma jibu kwa sauti. Kesho yake ripoti ilisema sitini na moja, naye akapanda wodini kwa mama akiwa na mwili mwepesi.

Mama alikuwa amechanwa nywele, zimesukwa mistari minne iliyonyooka.

"Nani kakusuka?"

"Unaniuliza mimi?" Mama alicheka. "Si wewe mchana. Ulikaa kweli leo, mwanangu. Hukutazama simu hata mara moja. Nikajisemea, huyu Chapchap wangu amekua."

Mchana ule Chapchap alikuwa chini ya meza ya mhasibu akivuta nyaya. Alikaa kitandani, akashika mkono wa mama. Kwenye nywele za mama, ndani kabisa karibu na ngozi, kulikuwa na harufu ya majivu mabichi.

Alishuka mbio kutazama kumbukumbu za programu. Faili la mama lilikuwa limefunguliwa saa nane na dakika tatu, halikufunguliwa kutoka wodi ya zamani, lilifunguliwa kutoka kwenye kompyuta ya meza ya sista, hatua kumi kutoka kitandani, anwani safi ya ndani isiyoweza kukataliwa na programu yoyote, na aliyefungua ametumia jina lake yeye Chapchap. Alitafuta sehemu ya jamaa wa karibu. Hapakubadilishwa kitu. Pameandikwa binti, na jina lake. Alilitazama jina lile kwa muda mrefu, na kadiri alivyolitazama ndivyo alivyozidi kukosa uhakika kama ni yeye anayetajwa pale.

"Nimefunga mlango," alimwambia mzee wa masjala, "lakini yeye alishaingia."

"Nina shemeji yangu," mzee alisema. "Anauza ndoo sokoni, lakini mambo haya anayajua. Usimdharau."

Ilichukua siku mbili shemeji huyo kupatikana, na siku mbili zile Chapchap alizitumia kitandani kwa mama. Aliomba ruhusa, akaleta mkeka, akakaa. Lakini mtu hawezi kukaa bila kuondoka hata dakika moja. Kuna maliwato, kuna dirisha la dawa, kuna sista anayesema hebu tupishe tumbadilishe mgonjwa. Kila aliporudi alimkuta mama ameridhika zaidi, amefunikwa vizuri zaidi, mto umegeuzwa upande wa baridi. Mara ya kwanza mama alimuuliza, "Umesahau nini?" Mara ya pili alimtazama kwa muda, akauliza kwa upole, "Wewe ni mwenzake?" Na jioni ya siku ya pili, Chapchap akimlisha supu kwa kijiko, akimpulizia ipoe kama mama alivyompulizia yeye alipokuwa mdogo, mama alisema ahsante sana dada, Mungu akulipe, nyie manesi wa siku hizi mna moyo, kisha akageuza uso kwenye kiti kitupu cha plastiki kando ya kitanda na kukitabasamia kama asivyomtabasamia mtu mwingine yeyote duniani.

Chapchap hakulia mbele yake. Alikwenda kulia kwenye ngazi.

Muuza ndoo alikuja saa ya kutazama wagonjwa, kama mgeni mwingine yeyote, ameshika kikapu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miguu ya kuvimba, na ngazi zilimchosha. Alisimama mlangoni mwa wodi, akavuta pumzi puani, akamwambia Chapchap amfuate nje kidogo.

"Nani alimwambia ni wa hapa?"

"Hakuna aliyemwambia. Ni programu."

"Nani aliiandika?"

Chapchap akasema, "Mimi."

"Basi ni wewe. Usiogope, sikulaumu. Hawa majini wa magofu hawana kwao. Wanatafuta mtu wa kuwaambia ni wa humu. Akishaambiwa, habishi tena mlangoni, maana si mgeni. Mimi siwezi kumtoa. Mganga yeyote akikuambia anaweza, anakula hela yako. Aliyemkubali ndiye atakayemkana, kwa kinywa chake, mbele yake, mara tatu."

"Nikimkana atampa mama kile alichochukua?"

Muuza ndoo alitazama ngazi. "Akitoka mapema, huwa wagonjwa wanakumbuka tena. Tumuombe Mungu iwe mapema."

Waliingia. Muuza ndoo akaketi miguuni mwa kitanda, mzee wa masjala akasimama kwenye pazia kuwazuia watu, na Chapchap akajiweka mbele ya kiti kitupu. Mama alimtazama kwa mashaka. Ilikuwa saa kumi na robo, wodi imejaa wageni, vijiko vinagonga vikombe, mtoto wa mtu analia akitaka kubebwa, na katikati ya zogo lile lote kile kiti kilikuwa kimya kwa namna ambayo vitu vitupu havinyamazi, kimya cha mtu anayesikiliza. Harufu ilipanda. Chapchap aliiona plastiki ya kiti ikiwa imebonyea katikati.

"Wewe si wa hospitali hii," alisema.

Vijiko viliendelea kugonga. Plastiki ililia kidogo, kama mtu amejigeuza.

"Wewe si wa hospitali hii."

"Unasema na nani?" mama aliuliza, sauti imepanda. "Dada, unamfukuza nani? Huyo ni mwanangu. Muacheni mwanangu akae."

Mkono wa mama ulikuwa umenyooshwa kwenye kiti, na vidole vyake vilikuwa vimefumbatwa na kitu, Chapchap aliona ngozi ya mama ikifinywa na vidole visivyoonekana, vikimshika taratibu, bila kumuumiza, vikimbembeleza. Alitaka kulimaliza. Akalisema lile la tatu upesi, kwa pumzi moja, "Wewe si wa hospitali hii, toka." Kiti kikarudi juu kwa mlio mdogo. Harufu ikakatika. Mkono wa mama ukaanguka kwenye shuka, naye akafumba macho na kulala palepale kama mtoto.

Mzee wa masjala alishusha pumzi. Lakini muuza ndoo hakuinuka. Alikuwa anamtazama Chapchap.

"Mara zote tatu umesema hospitali," alisema polepole.

"Ndiyo. Ndipo alipoingilia."

"Ungesema si wa kwetu. Si wa mama yangu. Umemtoa hospitalini, umemtoa kweli. Lakini mama yako hakumwita ndugu wa hospitali. Alimwita mwanangu." Alijikusanya, akashika kikapu chake. "Utamkana tena vipi sasa, na hayupo? Mama anatoka lini?"

"Kesho."

"Basi nyumbani usimwache aende bila wewe. Muingie pamoja, na mguu wako utangulie. Hata akikutuma kitu njiani, usiende."

Usiku ule ulipita shwari. Asubuhi mama alikuwa bado hamjui, alimwamkia kama nesi, lakini kiti kilikuwa kiti tu, na ripoti ilikuwa safi, na daktari alisema kusahau kwa wazee baada ya upasuaji ni kawaida, akipelekwa kwenye mazingira yake atarudi. Chapchap aliyashika maneno yale kwa mikono miwili. Alimvalisha mama gauni lake la maua, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango wa wodi, na muda wote hakuuachia mkono wake, mpaka karani wa malipo alipomwita dirishani kuweka sahihi. Dirisha lilikuwa palepale, upande wa pili wa korido. Angeweza kumwona mama kutoka pale. Alimwomba sista amtazame, akaenda, akasaini karatasi ya kwanza akiwa amegeuza shingo, akasaini ya pili, karani akamwambia kalamu haikutoa wino, akasaini tena. Alipogeuka kiti cha magurudumu hakikuwepo.

Sista alikuwa mezani kwake, anaandika.

"Mama yangu yuko wapi?"

Sista aliinua kichwa. Alimtazama, akatazama mlango wa nje, akamtazama tena, na rangi ikamtoka usoni.

"Si umemchukua mwenyewe sasa hivi?" alisema. "Umemsukuma mpaka getini. Umeniambia ahsante."

Chapchap alikimbia. Getini mlinzi alimwambia vivyo hivyo, kwamba alimwona akipanda teksi na mama yake, tena alimsifu kwa kuwa hana haraka, alimpandisha mama mguu kwa mguu. Pikipiki aliyoipata ilimfikisha barabarani kwao baada ya dakika ishirini, nauli akatupa bila kuhesabu, akapanda zile ngazi tatu za nyumba yao, akasukuma mlango. Ulikuwa umezuiwa kwa ndani. Akabisha.

Ilimchukua mama muda kufika, magongo yakigonga sakafu. Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Mama alikuwa amevua gauni la maua, amevaa kanga ya nyumbani, na uso wake ulikuwa na amani ambayo Chapchap hakuiona tangu baba afariki.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Mama, ni mimi. Chapchap."

Mama alicheka kwa wema. "Chapchap yumo ndani, ananichemshia maji ya kuoga. Ngoja nimwite." Akageuza shingo. "Chapchap."

"Abee, mama."

Sauti ilitoka jikoni. Ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe, ila tulivu, sauti ya mtu mwenye siku nzima ya kukaa na mama yake.

"Kuna mgeni wako hapa."

Kandambili ziliburuzika jikoni, zikasimama. "Muulize ni wa wapi."

Mama alimgeukia Chapchap, akangoja jibu, mkono uko kwenye mlango. Chapchap alifungua kinywa. Alitaka kutaja rangi ya pazia la chumbani, cherehani iliyovunjika kanyagio, kovu la pasi kwenye goti la mama na siku alipolipata, na yote yalimjia kwa pamoja, kila moja likitaka kutangulia jingine, na juu ya bega la mama, kutoka gizani mwa jikoni, ilimfikia harufu ya majivu mabichi.

"Pole, dada," mama alisema baada ya kungoja. "Labda umekosea nyumba."

Akaufunga mlango taratibu. Komeo la mlango ule lilikuwa gumu, na mama hakuwa na nguvu za kulifunga. Kwa miaka mingi Chapchap ndiye aliyelifunga kila jioni. Akiwa amesimama nje, kiganja kwenye mbao, alimsikia mama akihangaika nalo mara moja, akapumzika, akajaribu tena. Kisha mkono mwingine ukamsaidia, na komeo likaingia.